Nilivyopata pampu kubwa ya mafuta ya Pijo yangu kwa mtani wangu Mzaramo, Gongoni

Wakuu wa jukwaa la magari, poleni na majukumu.

Juzi kuna kijana aliuliza humu pampu gani ya high flow, ya kutoa mafuta mengi, inafaa kwa Altezza yake aliyoifungia turbo, bila kulazimika kuuza shamba la baba yake. Mkamshukia. Wengine mlimtajia pampu za kila rangi, wengine mkamwambia auze gari anunue pikipiki.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Nina la kusimulia, na ni kweli tupu. Hata nikitaka kutia chumvi siwezi, maana mke wangu amekaa hapa pembeni na miwani yake anasoma kila ninachoandika.

Mwenye haraka aruke. Mwenye chai akae.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora mjini, Gongoni. Baba alikuwa fundi cherehani, mimi nikashika spana. Enzi ninazozungumzia ni zile za vijiji vya Ujamaa, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na spea za magari ndiyo usiseme. Ukiharibikiwa na gari ulikuwa unapewa pole kama umefiwa.

Nilioa mwalimu. Anaitwa Kabula, kwao Ziba, binti wa wafugaji wa Kisukuma. Akapangiwa shule kwenye kijiji cha Ujamaa jirani na kwao, na mimi nikafunga banda langu la gereji nikamfuata.

Gongoni walinicheka mno. Eti mtoto wa mjini kahamia ukweni, tena porini, atakwenda kuchunga. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nampenda mke wangu na sikuona sababu ya kulala mbali naye.

Na kazi ilikuwepo. Kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga, trekta moja lenye maradhi mengi, na msimu wa pamba malori yalikuwa yanakufa njiani kila siku. Fundi hakosi ugali.

Sasa tuje kwenye gari.

Nilikuwa na Pijo 404 niliyoinunua ikiwa mzoga. Niliifufua mwenyewe, na kwa ujana nikaona haitoshi kutembea tu, lazima ikimbie. Nikakwangua silinda hedi, nikapanua njia za hewa, nikafunga kabureta kubwa ya midomo miwili niliyoitoa kwenye gari jingine lililopinduka. Leo mngeiita stage one. Sisi tulisema tu gari limetiwa pilipili.

Ilikuwa inaondoka vizuri mpaka wazee wa Ziba wakawa wananiomba nipite taratibu karibu na ng'ombe.

Shida ilikuwa moja. Pampu ya mafuta ilibaki ileile ya asili, ile ndogo inayokaa ubavuni mwa injini na kusukumwa na injini yenyewe. Injini nilikuwa nimeiongezea kiu, ila mchotaji wa maji ni yuleyule.

Ukienda taratibu, hakuna tatizo. Ukikanyaga mafuta kwa muda mrefu, hasa kwenye mwinuko na jua kali, bakuli la kabureta linakauka. Gari linakohoa, linashtuka, linazima. Unasubiri lipoe, unawasha, unaenda kidogo, linazima tena. Pijo haikuwa na kosa lolote, niliyeichokoza ni mimi.

Nililichukulia kama jambo la mzaha mpaka mimba ya kwanza ya Kabula.

Hapa nitaandika kwa ufupi. Uchungu ulimshika mwezi wa saba wa mimba, kabla ya wakati wake. Zahanati walituambia tukimbie Kitete, huko Tabora, maana mtoto anahitaji hospitali kubwa. Tukaondoka. Tulipopita Nzega, kwenye mwinuko mmoja mrefu, gari likazima. Likazima tena. Tukasaidiwa na lori la pamba, lakini lori ni lori.

Mtoto alizaliwa akiwa hai, akaishi kidogo, akatutoka. Alikuwa wa kiume.

Kabula hakunilaumu hata kwa neno moja. Ningependa angenilaumu.

Alipopata mimba ya pili, daktari alimweleza bila kuficha kwamba huenda na huyu akaja mapema. Akamwambia akisikia tu maumivu, asisubiri, apelekwe Kitete saa ileile, na akifika kwa wakati mtoto ana nafasi nzuri. Nilimsihi ahamie mjini kwa mama yangu tangu mapema. Alikuwa na darasa la saba lenye mtihani mbele, na mwalimu mwingine wa hesabu hakuwepo. Akasema atahamia mimba ikiingia mwezi wa nane. Mwenye kujua Wasukuma anajua nilikuwa nabishana na mwamba.

(Anasema nifute hilo. Sifuti.)

Kwa hiyo ikabaki kazi yangu. Lazima lile gari litoke Ziba mpaka Tabora, mguu chini, bila kukohoa hata mara moja. Sikuwa natafuta tena sifa ya kukimbia. Nilikuwa natafuta mafuta yafike kwenye kabureta.

Kijana wa Altezza, hapo ndipo nilipokuwa kama wewe. Injini inataka zaidi, mfuko unataka kidogo.

Pampu mpya ya asili haikuwepo dukani, na hata ingekuwepo, ni ndogo ileile. Nikajaribu ya lori. Ilikuwa kubwa kweli, lakini mkono wake haukukaa sawa na injini yangu, nikahangaika nao siku nzima nikaishia kuvunja boliti. Nikajaribu kuunga pampu mbili kuukuu zifuatane, zikawa zinavuja pamoja.

Nilichohitaji ni pampu ya umeme, ya kukaa nyuma karibu na tangi, isiyotegemea injini. Na Tabora nzima niliijua moja tu.

Ilikuwa kwa Mzee Mwinshehe.

Huyu alikuwa jirani yetu Gongoni, nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Mzaramo wa pwani aliyeletwa Tabora na reli, fundi umeme wa treni, akastaafu akabaki hapohapo. Aliishi na mkewe Bi Mwanahawa, Mzaramo mwenzake. Hawakujaliwa mtoto.

Uani kwake kulikuwa na gari kubwa la Kiingereza aliloachiwa na bosi wake Mzungu aliyerudi kwao baada ya uhuru. Giaboksi ilikufa, na tangu hapo gari halikuwahi kutoka uani. Bi Mwanahawa alikuwa analigombeza kila siku, maana kuku wake walihamia humo na kutagia kwenye kiti cha nyuma. Mtaa mzima tulikuwa tunamsikia asubuhi, "Mwinshehe, njoo uone, gari lako limetaga tena."

Lakini nyuma ya lile gari, chini karibu na tangi, kulikuwa na pampu ya umeme yenye vichwa viwili. Vichwa viwili, wakuu. Niliwahi kuiona nikiwa nachezea pale utotoni, na sasa nilikuwa naiota.

Nikavaa shati safi, nikaenda mjini, nikapiga hodi.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

Nikakaa mkao wa adabu. Nikamuulizia hali, nikaulizia mguu wake, nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba ninaomba aniuzie ile pampu, ataje bei anayoona inafaa.

Akanitazama kwa muda. Akasema, "Mimi siuzi vitu." Akaendelea kusafisha redio yake.

Nilirudi mara nyingine, shikamoo nyingi zaidi. Jibu lilelile. Mara nyingine tena nikaenda na zawadi ya asali ya nyuki wadogo. Asali alipokea, jibu halikubadilika. Nilirudi Ziba nimenuna, nikamwambia Kabula yule mzee ana roho ya kutu.

Tumbo la Kabula lilikuwa linakua. Alikuwa anafundisha huku ameshika kiuno, mimi kila nikisikia mtu anakimbia nje ya banda naacha spana natoka kuangalia. Nilikuwa naliwasha gari kila asubuhi kuhakikisha linaitika, halafu najiuliza kuitika kwake kutanisaidia nini kwenye mwinuko wa Nzega.

Ndipo nikaletewa habari kwamba Bi Mwanahawa amefariki.

Niliguswa sana. Yule mama alinilisha nikiwa mdogo, vitumbua vyake nimevila bila idadi. Kabula akaniambia nenda, ana dada zake wa kumwangalia, na dereva wa lori la pamba yupo kijijini wiki ile. Nikaenda. Nilikuta ameshazikwa, watu wamekaa matanga.

Mzee Mwinshehe alikuwa amekaa barazani, ameegemea ukuta. Walisema tangu makaburini hajala wala hajasema neno. Watu wanakuja, wanampa mkono, anaupokea kama hajui ni wa nani.

Mama yangu akanivuta pembeni, jikoni kwenye masufuria.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Sasa umesimama hapa unafanya nini? Wewe si mtani wake?"

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya vijana. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi babu zetu wa Kinyamwezi wakiwa mapagazi, wanatembea kwa miguu toka huku mpaka pwani na mizigo kichwani, wakipita kwao, wakilala kwao, wakigombana na kupatana nao. Mtani anakutukana hukasiriki. Anachukua kitu chako hudai. Na kwenye msiba, mtani ndiye mwenye kazi. Wafiwa wanalia, mtani anafanya vituko, anamwigiza marehemu, anazuia watu wasizame. Akimaliza, anadai malipo yake na lazima alipwe.

Nilimweleza mama kwamba Mzee Mwinshehe hanipendi. Nikamsimulia habari ya pampu, shikamoo zangu na asali yangu.

Mama akaweka mwiko chini.

"Ulikwenda kununua? Kwa mtani?"

"Nilikwenda kwa heshima, mama."

"Ndiyo umemtukana. Mzaramo unamwendea kwa shikamoo na bei, unamfanya mgeni. Baba yako alikuwa akiingia pale anambeba jogoo bila kuuliza, wanacheka mpaka jioni. Wewe umekwenda kama karani wa kodi. Angekuuzia vipi?"

Tangu nimekua mtu mzima nilikuwa sijamtania yule mzee hata mara moja. Nilikuwa najiona nimestaarabika.

"Pampu achana nayo," mama akasema. "Nenda kafanye kazi yako. Mtu anakufa na njaa pale."

Wakuu, mimi si mchekeshaji. Na siku ile nilikuwa na hofu yangu mwenyewe kifuani. Lakini nilikwenda kuomba kanga za marehemu kwa wale kina mama, nikajifunga moja kiunoni, nyingine kichwani, nikachukua ungo.

Nikatoka uani. Nikaenda moja kwa moja kwenye lile gari, nikafungua mlango wa nyuma, nikaingiza kichwa. Nikapaza ile sauti yake, maana niliijua tangu utoto.

"Mwinshehe. Njoo uone. Gari lako limetaga tena."

Waliokaa matanga wote wakageuza shingo.

Nikaendelea. Nikatoa mayai kitini nikayatia kwenye ungo, nikayahesabu kwa kelele, nikalikaripia gari kwamba linataga madogo kwa sababu linalishwa na Mzaramo mvivu. Nikaja mpaka barazani, mkono kiunoni, nikamwambia, "Nimetoka kidogo tu umekwishakaa na njaa. Unataka nani akupikie, bosi wako Mzungu?"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu kicheko kikageuka, akalia kwelikweli, kilio cha sauti, kilichokuwa kimekwama tangu makaburini. Nikakaa chini na makanga yangu nikamshika. Na mimi nililia, sitadanganya. Nilimlilia Bi Mwanahawa na nikamlilia yule mtoto wangu wa kiume, ambaye nilikuwa sijamlilia bado.

Akala. Mama alimletea ubwabwa, akala sahani nzima.

Baadaye akaniita.

"Haya, pagazi. Umemaliza kazi. Dai chako."

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Pampu ilikuwa hatua chache kutoka nilipokaa. Na kwa mila, chochote nitakachotaja angetoa. Lakini nilimtazama yule mzee na macho yake yamevimba, nikaona siwezi. Nisingeweza kukaa na Kabula nikamwambia nilimfanyia mfiwa vituko ili nipate kifaa.

Nikamwambia, "Nipe kikaango cha vitumbua cha marehemu. Mke wangu ana mimba, anavitamani."

Akanitazama vilevile alivyonitazama siku ya shikamoo.

"Mimba ya miezi mingapi?"

Nikamweleza yote. Kuhusu wa kwanza, kuhusu mwinuko wa Nzega, kuhusu daktari. Nilipokuwa nakwenda kununua nilikuwa sijamwambia hata kwamba nina mke mjamzito. Nilizungumzia pampu na bei tu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka na mguu wake mbovu, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa spana.

"Wewe pagazi ni mjinga sana," akasema. "Babu zako walibeba pembe kwa miguu mpaka kwetu, wakarudi na vitambaa. Na wewe unataka kurudi na kikaango. Lala chini huko ufungue boliti, mimi siwezi kuinama."

Kikaango alinipa pia.

Sasa niwape ufundi wenyewe, maana ndiyo jukwaa lake.

Tuliipima palepale uani kabla sijaondoka. Hatukuwa na kipimo, tulikuwa na kopo tupu la mafuta ya kupikia na betri. Mzee alikuwa na utaratibu wake wa karakana niliojifunza kwake utotoni, unasoma Fatiha kwa pole huku pampu inajaza kopo. Pampu yangu ya zamani nilikuwa nimekwishaipima hivyohivyo, ilikuwa inaniacha nimemaliza sura na kopo lina nafasi tele. Hii ya vichwa viwili ilijaza kopo hata sijafika mwisho. Mzee akasema, "Soma vizuri, usimkimbilie Mungu kwa ajili ya petroli." Nikarudia. Kopo likajaa vilevile.

Akanifundisha mambo ambayo mpaka leo nayafuata. Pampu ya umeme inajua kusukuma, kuvuta inaisumbua. Kwa hiyo ikae nyuma, chini, karibu na tangi. Chujio liwe kabla yake, maana petroli ya enzi ile ilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mihogo. Waya uwe mnene, na waya wake wa ethi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Pampu nzuri yenye waya mwembamba ni pampu mbovu.

Nikarudi Ziba, nikafunga. Nikawasha. Kabureta ikafurika, petroli ikaanza kumwagika juu ya injini. Kidogo niteketee.

Tatizo lilikuwa presha. Flow niliipata, lakini ile kabureta haikuzoea kusukumwa hivyo, sindano yake ya kuzuia mafuta ikashindwa kufunga. Nikatuma ujumbe kwa dereva wa lori. Mzee akajibu kwa dereva huyohuyo kwamba pagazi asihangaike na pampu, atoboe njia. Weka bomba la pili la kurudisha ziada kwenye tangi, na kwenye mdomo wake weka kitundu kidogo. Injini inachukua inachotaka, kinachobaki kinarudi nyumbani.

Nikafanya hivyo. Nikaenda kujaribu barabara ya Nzega jua la saa nane, mguu chini. Pijo haikukohoa. Niliposimama kugeuza niliweka kichwa kwenye usukani nikakaa hivyo kwa muda.

Siku ilifika kabla ya huo mwezi wa nane aliousubiri Kabula.

Ilikuwa saa za masomo. Nilikuwa chini ya trekta. Nikaona miguu yake imesimama karibu na tairi, nikajua, maana saa ile hakuwahi kuja. Nikatoka. Mikono yake ilikuwa na chaki.

"Twende," akasema. Basi.

Sitawasimulia kila kijiji. Nilikanyaga. Kabula alikuwa kiti cha nyuma na dada yake, ameuma kona ya kanga, hatoi sauti. Mimi nilikuwa kila mara naangalia kioo.

"Rama," akaniambia, "usiniangalie mimi. Angalia barabara."

Tulipopita Nzega, ukaja ule mwinuko. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kumtuliza gari likizima. Nilisikia mkono wake umeshika bega langu toka nyuma, umebana. Na yeye alikuwa ameutambua mwinuko ule.

Mguu chini. Gari likapanda. Likapanda kwa sauti yake ileile, bila kuyumba, tukafika juu, tukaanza kushuka upande wa pili. Mkono wake ulibaki begani kwangu mpaka Tabora.

Kitete walimpokea mlangoni. Binti alizaliwa mchana uleule, mdogo, mwekundu, mwenye hasira. Wauguzi wakamviringisha kwenye pamba na blanketi, wakatuambia ni wa kuangaliwa kwa karibu lakini anapumua vizuri na ananyonya. Kabula akaniuliza mara ngapi sijui, "Anapumua?" Namwambia anapumua. Tulikuwa tunaulizana hivyo mpaka mama yangu akatukataza.

Siku mtoto alipotolewa kwenye uangalizi, Mzee Mwinshehe akaja.

Alikuwa amevaa kanzu. Mama yangu alipomwona mlangoni akaanza kucheka kabla ya wakati, maana sote tulijua kinachokuja. Mzaramo anaingia kwa Wanyamwezi waliopata mtoto, tena mtoto aliyeletwa na pampu yake. Alikuwa na haki ya kutudai ng'ombe. Alikuwa na haki ya kumbeba mtoto aondoke naye mpaka tumfuate na kumkomboa kwa jogoo.

Kabula akamwekea mtoto mikononi. Mzee akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Akamtazama. Mtoto akamshika kidole.

Mama akamchokoza, "Vipi Mzaramo, leo ulimi umeusahau pwani?"

Akajibu bila kuinua uso, taratibu, "Utani upo, Bi mkubwa. Kesho nitakuja nao. Leo niacheni nimwangalie."

Tukamwacha. Alikaa pale mpaka muda wa wageni ulipokwisha, na hakuna aliyemharakisha.

Kesho yake kweli akarudi. Akasimama mlangoni, akatangaza kwa wodi nzima kwamba mtoto ana pua ya pagazi na miguu ya kubebea mizigo, na kwamba amekuja kuchukua fidia. Kabula alicheka mpaka akashika tumbo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu tulipompoteza yule wa kwanza.

Sasa kijana wa Altezza, majibu yako.

Usinunue pampu kwa jina wala kwa namba kubwa kwenye boksi. Jua kwanza injini yako inataka kiasi gani ikiwa mguu chini, halafu tafuta inayotoa hapo na ziada kidogo. Flow na presha ni mambo mawili, ukinunua moja ukasahau jingine utafurika kama mimi. Ya mtumba inafaa, ila ipime kwenye kopo kabla hujaifunga. Pesa utakayookoa weka kwenye waya, chujio na njia ya kurudisha mafuta.

Na ukienda kwa mtu kutafuta kifaa, usitangulize bei. Kaa naye. Mwambie gari hilo unalihitaji kwa ajili ya nani. Mimi nilipoteza miezi kwa kutosema hilo tu.

Nimeishia hapo. Mlio na pampu za kifukara zilizowafikisha mlikokuwa mnakwenda, leteni. Wenye maswali ya ufundi ulizeni, nitajibu mradi bando lipo.

Ila Kabula anasema, kama humu ndani kuna Mzaramo, yeye asije na "asante kwa uzi, mkuu". Aje na matusi yake kamili. Tunamsubiri.